Kabla ya Kuongeza Kilomita, Tafuta Mwenye Jembe

Mvua ya masika ikinyesha Nairobi usiku kucha, asubuhi yake mimi huenda Msitu wa Karura bila baiskeli. Huvaa gambuti, nikachukua fimbo, nikavifuata kwa miguu vijia vile vile ninavyoviendesha wakati wa kiangazi. Ukiwa juu ya baiskeli unazipita kasoro kwa kasi na kudhani njia ni nzima. Ukitembea ndipo unapoona.

Kuna kona moja nisiyoikosa, mahali kijia kinapoteremka kuelekea mtoni. Nilipoipita mara ya kwanza, miaka mingi iliyopita, ilikuwa na upana wa hatua moja, udongo wake mwekundu umeshindiliwa ukawa laini kama sakafu iliyosiribwa. Leo katikati yake pana mfereji unaomeza kiganja changu chote, vidole vikielekea chini. Mizizi ya mti wa jirani imebaki wazi, imechubuliwa na magurudumu mpaka weupe wa ndani unaonekana. Kushoto na kulia kuna nyayo na alama za tairi za watu waliokwepa tope, kila mmoja akikanyaga majani nje kidogo ya aliyemtangulia. Gari dogo lingepita pale sasa. Hakuna aliyekusudia kuharibu. Kila aliyepita alitaka tu kufika chini bila kuchafuka.

Naanzia kwenye kona hiyo kwa sababu sisi waendesha baiskeli za milimani tumeongezeka, na kila tunapokutana mazungumzo ni yale yale: tupewe vijia zaidi. Tunavitaka Karura, tunavitaka Msitu wa Ngong Road, tunavitaka katika kila kipande cha msitu wa umma kilicho karibu na mji. Mimi ni mmoja wao, na mchezo huu naupenda kwa moyo wote. Lakini nimefikia msimamo ambao wenzangu wengi hawaupendi. Hifadhi ya umma isikubali hata mita moja ya kijia kipya kabla haijajulikana ni kikundi gani kitakitunza, kwa fedha gani, na nani atakuwa pale siku mvua ikikatika.

Karura yenyewe haikupatikana kwa urahisi. Ni msitu wa takriban hekta 1,041, uliotangazwa rasmi kuwa hifadhi mwaka 1932, na sasa jiji limeuzunguka. Katika miaka ya 1990 vipande vyake viligawiwa watu binafsi kimyakimya. Profesa Wangari Maathai na wenzake wa Green Belt Movement wakaenda kupanda miti mahali palipofyekwa kwa ajili ya majumba, na tarehe 8 Januari 1999 genge la walinzi likawashambulia. Yeye mwenyewe alipasuliwa kichwa. Zikafuata ghasia za wanafunzi na lawama za ndani na nje ya nchi, na mpango wa majumba yale ukakwama.

Hata baada ya kuokolewa, msitu ulibaki mahali pa kuogopwa. Mtu hakuingia peke yake akiwa na akili timamu. Mlango ulifunguliwa na sheria ya misitu ya 2005, iliyowapa wananchi nafasi ya kusimamia misitu pamoja na serikali kupitia vyama vya kijamii vya misitu, na nafasi hiyo ikathibitishwa na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016. Chama cha Friends of Karura Forest kikaingia ubia na Shirika la Huduma za Misitu (KFS), uzio wa umeme ukajengwa, na vijana wa kijiji jirani cha Huruma wakapewa kazi ya ulinzi. Leo kuna zaidi ya kilomita 50 za njia, makutano yake yana nambari, baiskeli zinakodishwa mle ndani, na wanawake hukimbia peke yao asubuhi wakirudi nyumbani salama. Tunaposema "vijia vyetu" tukumbuke kwamba sisi wa baiskeli tulikuta nyumba imeshajengwa.

Sasa nirudi kwenye udongo, maana huko ndiko kuna kazi.

Adui wa kwanza wa kijia ni maji. Nairobi hupata karibu milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa humwagika katika misimu miwili, masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Kijia hakinyeshewi kidogo kidogo mwaka mzima. Kinapigwa mapigo mawili makubwa. Udongo mwekundu wa miinuko hii ni wa asili ya volkano, una kina kirefu, na ukiwa umefunikwa na majani makavu hunywa maji vizuri sana. Ukiukanyaga mara elfu, vitundu vyake hufungika. Maji yakikosa pa kuingia hutafuta pa kukimbilia, na hayapati pengine palipo wazi kuliko kijia chenyewe.

Kosa huanza siku ya kukata. Mtu mwenye hamu ya kuteremka hukichora kijia kikishuka moja kwa moja, njia ile ile ambayo maji yangejichagulia. Kikishakatwa hivyo, hakuna mtaro wa kukiokoa. Utachimba kushoto, utachimba kulia, na maji yatarudi katikati, kwa sababu kijia ndicho kilicho chini kuliko pande zake zote. Kijia cha kudumu hukata ubavu wa kilima kwa mshazari. Wajenzi wa vijia wana kanuni mbili ambazo ningependa kila mwanachama wa klabu ya baiskeli azijue kwa kichwa: mwinuko wa kijia usizidi nusu ya mwinuko wa ubavu kinapopita, na kwa wastani usizidi asilimia 10. Ubavu ukiwa na mwinuko wa asilimia 16, kijia chako kiishie 8.

Kupima hakuhitaji mtambo. Sisi tunaojitolea kutengeneza vijia hutumia kamba ya mita 10, vijiti viwili na pima maji ndogo ya fundi mwashi, ile inayoning'inizwa kwenye uzi. Mmoja anaishika kamba ardhini upande wa juu, mwingine anaishika kwenye kijiti upande wa chini, inanyooshwa na kupandishwa mpaka kipovu cha hewa kikae katikati. Kisha tunapima kutoka kamba hadi ardhini kwa yule wa chini. Ukipata mita moja, hiyo ni asilimia 10. Ikizidi, tunasogea pembeni na kuanza upya, hata kama ni mara ya saba. Vijana wanaojitolea kwa mara ya kwanza huona kazi hii inawachosha bure, wanataka kushika jembe. Wakirudi baada ya misimu miwili ya mvua wakakikuta kijia kiko vile vile, wao ndio wanaoiomba kamba.

Kuna mambo mengine mawili ambayo mwendeshaji hayaoni, na asipoyaona ndipo yamefanywa vizuri. La kwanza, kijia hulazwa kidogo upande wa bondeni, asilimia 3 hadi 5, ili maji yakiangukia juu yake yauvuke upana na kuondoka badala ya kukifuata urefu. La pili, na kwangu ndilo kubwa, ni kuuvunja mteremko. Kijia kinashuka, kinapanda kwa hatua chache, ndipo kinaendelea kushuka. Hapo chini ya kimwinuko maji hayana budi kutoka.

Kijia cha zamani ambacho hakikuvunjwa hivyo tunakichimbia vibonde. Unachimba kibonde kilicholala kwa mshazari, kina cha jembe moja, urefu kama wa baiskeli mbili. Udongo unaoutoa unaurundika upande wa chini kuwa kituta, unaushindilia kwa mgongo wa beleshi na kwa miguu mpaka kisigino kisiache alama. Kisha unafungua mdomo wa kutokea maji upande wa bondeni, na unaufanya mpana kuliko unavyodhani inafaa, kwa sababu mdomo mwembamba huzibwa na majani ya wiki moja. Mwisho unamwaga debe la maji na kutazama yanakoelekea. Debe hilo ndilo mkaguzi wetu, na halihongeki. Watu wanne waliozoea hukimaliza kibonde kimoja asubuhi moja. Mwendeshaji akipita anahisi kama wimbi dogo limembeba, anafurahi, wala hajui kwamba amevuka mtaro.

Ile kona niliyoanza nayo imepita hatua ya vibonde. Dawa yake ni kuihama. Unakata mstari mpya ubavuni, kisha unarudi kuufunga ule wa zamani: unavunjavunja udongo ulioganda, unalaza magogo kwa kukingama ili yazuie mchanga, unatandaza matawi na majani mengi mpaka jicho lisione tena kwamba palikuwa na njia, na unapanda miche ya asili. Kukata mita 60 mpya ni Jumamosi moja ya shangwe na picha. Kuuguza mita 60 za zamani ni kazi ya misimu kadhaa ambayo hakuna anayeipiga picha, kung'oa lantana ikichipua, kurudishia matawi yaliyoondolewa na mtu asiyetaka kuzunguka. Nimeona kazi nyingi nzuri zikifa katika hatua hii ya pili. Mstari mpya ukiwa tayari, wenye majembe hutawanyika, na msitu unabaki na vidonda viwili badala ya kimoja.

Wapo wanaosema jibu ni rahisi, baiskeli zitolewe msituni kabisa kwa sababu ndizo zinazokula udongo. Hoja hiyo inastahili kujibiwa kwa vipimo. Wilson na Seney, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994, walipima viwanja 108 kwenye vijia vya Montana, Marekani, wakalinganisha watembeaji, farasi, pikipiki na baiskeli. Kwato na nyayo zililegeza udongo mwingi kuliko magurudumu. Mwaka 2001 Thurston na Reader wakachapisha jaribio lao la Ontario, Kanada, ambapo watembeaji na waendesha baiskeli walipitishwa hadi mara 500 kwenye mteremko wa msitu. Athari zao kwa mimea na udongo zilikaribiana sana.

Wenzangu wasishangilie mapema. Mwendesha baiskeli hufika mbali zaidi kwa saa moja kuliko mtembeaji, kwa hiyo hata kama kila mita anaiumiza sawa na mwenzake, mita zake ni nyingi. Tena anayefunga breki ya nyuma na kuliburura gurudumu hadi ndani ya kona huchimba kwa sekunde moja kile ambacho nyayo zingechimba kwa mwezi. Vipimo hivyo vinatuambia kwamba hakuna sababu ya kisayansi ya kumfukuza mwenye baiskeli na kumwacha mwenye viatu. Havituambii kwamba tuko salama.

Tena udongo ni nusu ya kesi. Nusu nyingine ni hofu, na hofu haipimwi kwa beleshi.

Miaka kadhaa iliyopita, katika msitu ambao sitautaja, nilikuwa nateremka kwenye kijia chembamba chenye vichaka pande zote. Nilipotokea kwenye kona, mbele yangu alikuwa mama wa makamo amebeba mzigo wa kuni mgongoni, ukanda wake umebana paji la uso. Mtu aliyebeba hivyo hawezi kugeuza shingo. Nilifunga breki zote mbili, nikaangukia kichakani, gurudumu la mbele likasimama pengine mkono mmoja kutoka kwenye mzigo wake. Niliinuka, nikamwambia, "Nisamehe, mama." Alikuwa anatetemeka. Akaniambia, "Nilisikia kitu kama upepo, nikadhani ni mnyama." Akapumzisha kuni zake kwenye gogo, tukakaa pale kimya mpaka pumzi zetu zikarudi, kisha akaendelea na safari yake.

Sikumgusa, na hakuna ajali iliyoandikwa popote. Lakini mama yule alikuwa na haki zote za kuwepo pale. Sheria inaweza kuwapa wanachama wa vyama vya kijamii vya misitu haki ya kuokota kuni kwa utaratibu maalum. Tangu siku hiyo sijawahi tena kuuona mwendo kasi kuwa suala la ujuzi wa mwendeshaji peke yake. Ni suala la jinsi kijia kilivyochorwa. Mahali watu wa kila aina wanapopita, mwendeshaji lazima amwone mwenzake mapema, kwa hiyo vichaka vya kwenye kona hukatwa upande wa ndani. Kabla ya makutano, kijia kibanwe kati ya miti miwili au mawe mawili ili kila mtu apunguze kasi hata kama hataki. Vijia vya mteremko mkali vipewe mwelekeo mmoja, vitengwe kwa baiskeli, na kibao kiseme hivyo kwa Kiswahili, pale pale mwanzoni. Penginepo, sheria iwe moja tu: mwenye baiskeli humpisha mwenye miguu, kila mara, bila kujali nani anapanda na nani anashuka. Na kengele. Kengele ya baiskeli haigharimu kitu, na ingalimtosha mama yule.

Wanaodhani mambo haya ni madogo wautazame Mlima Tamalpais, kaunti ya Marin, California. Huko ndiko mchezo huu ulikopata sura yake. Mbio za Repack zilianza Oktoba 1976, vijana wakiteremka barabara ya vumbi kwa baiskeli nzito za kizamani zenye breki ya kukanyagia nyuma. Grisi ya breki hiyo iliungua kiasi kwamba iliwabidi kuijaza upya kila wakifika chini, jambo ambalo kwa Kiingereza huitwa "repack", na ndiyo asili ya jina hilo. Watengenezaji wakubwa wa baiskeli za milimani, kina Gary Fisher na Joe Breeze, walitoka pale. Lakini ugomvi na watembeaji ulikomaa katika miaka ya 1980, na kwenye ardhi ya mamlaka ya maji ya mlima huo huo baiskeli zikaruhusiwa kwa miongo kadhaa kwenye barabara pana za zimamoto peke yake, si kwenye vijia vyembamba. Chama cha kimataifa cha waendesha baiskeli za milimani, IMBA, kilichoundwa mwaka 1988, kilizaliwa katika kuhangaikia vizuizi vya namna hiyo California. Walioanzisha mchezo walifungiwa mlango nyumbani kwao, na mlango uliofungwa kwa hofu huchukua kizazi kizima kufunguka.

Kuna jambo la vijia vya siri, ambalo tunalizungumza kwa minong'ono. Vijana wachache wenye beleshi huingia jioni, wanafyeka, wanarundika udongo kuwa vituta vya kurukia, na baada ya wiki mbili kila mtu anajua mahali pale isipokuwa mhifadhi. Kisheria hilo ni kosa, na ni haki liwe kosa. Katika msitu wenye miti ya asili kama Karura mche wa muhugu unaofyekwa kwa panga ni mti unaokua polepole mno. Anayeukata hataishi kuona mwingine ukifikia ukubwa wa wazazi wake. Uwazi unaofunguliwa pia huikaribisha lantana, ambayo hupenda mwanga na udongo uliovurugwa. Hata pongo na paa wanaolala mchana kwenye vichaka hupoteza maficho.

Lakini sikubaliani na wanaotaka vijana hao wakamatwe na basi. Wana kitu ambacho vyama vyetu havina: wako tayari kuchimba. Huko Wellington, New Zealand, halmashauri ya jiji ilitenga mwaka 1998 hekta 200 za ardhi iliyokuwa ya malisho, mahali panapoitwa Makara Peak, ziwe bustani ya baiskeli za milimani. Wapenda baiskeli wakaunda kikundi cha kuisaidia halmashauri, na kwa miaka iliyofuata wamejenga vijia vya kilomita kadhaa ambavyo watembeaji na wakimbiaji pia huvitumia. Pamoja na kujenga, kikundi hicho kimepanda maelfu ya miti ya asili na kutega wanyama waharibifu walioletwa kutoka nje. Kinachonivutia zaidi ni kwamba mikono inayochimba ndiyo inayopanda. Mtu aliyepanda mti pembeni mwa kona hawezi kuikata kona hiyo kwa mkato.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wahifadhi ni kwamba wakikikuta kijia cha siri, wawatafute waliokichimba na kuwaita mezani. Kifungwe kama kiko mahali pabaya, na wao wenyewe wakifunge. Kama mahali panafaa, kipimwe kwa kamba, kiandikwe kwenye mpango wa usimamizi wa msitu, na wao wasaini kukitunza kwa muda unaojulikana. Yule anayekataa kusaini ameshajibu swali la kama anastahili kijia.

Hapo tunafika kwenye fedha. Mwishoni mwa Agosti 2025 KFS iliagiza malipo yote ya kuingia Karura yapitie jukwaa la serikali la eCitizen. Kabla ya hapo mapato yalikuwa yakikusanywa na kutumiwa chini ya usimamizi wa pamoja na Friends of Karura. Wananchi wengi walikasirika, na suala likafika mahakamani. Mengi yamesemwa kuhusu nani ana haki kisheria, na mimi si wakili. Nazungumza kama mtu anayejua bei ya wilbaro.

Kukusanya fedha kwa mfumo mmoja wa kidijitali si dhambi. Kunazuia wizi langoni na kila mtu anapata risiti. Shida ni safari ya kurudi. Kibonde kilichobomoka Aprili kinahitaji watu wanne na chakula cha mchana wiki hiyo hiyo. Kikisubiri bajeti ipitishwe makao makuu, vuli itakikuta hivyo hivyo, na kazi ya asubuhi moja itakuwa imegeuka kazi ya mwezi, pamoja na mizizi iliyokatika. Matengenezo ya vijia hayavumilii mwaka wa fedha. Ndiyo maana mkataba wowote kati ya shirika la umma na chama cha jamii unapaswa kutaja sehemu ya mapato inayobaki palepale kwa ajili ya njia, na iwe ndani ya uwezo wa msimamizi wa msitu na viongozi wa chama kuitoa bila kuandika barua tatu.

Na vyama navyo visijifiche nyuma ya sifa zao. Chama kinachosimamia mali ya umma kitoe hesabu zake kila mwaka, zibandikwe langoni mahali mlipa kiingilio anaweza kuzisoma akisubiri risiti. Watu wa Huruma wanaoishi ukutani mwa msitu wawe na viti katika kamati, si kazi za ulinzi tu. Nimehudhuria mikutano ambako wenye baiskeli za bei ya gari walijadili kwa saa mbili matakwa yao, na hakuna aliyewauliza waokota kuni wanapita wapi. Kijia kinachoamuliwa hivyo hakiwezi kuitwa cha jamii.

Kitu kimoja kinaweza kuanza masika yajayo bila sheria mpya wala mfadhili: kufunga. Vijia vyenye mteremko mkali vifungwe katika wiki za mvua nzito, kwa kamba na kibao, na vifunguliwe mhifadhi akisema udongo umekauka. Klabu zilizo makini zitangulie kutangaza hilo kwa wanachama wao. Wakati wowote mwingine, mwendeshaji ashuke na kukanyaga. Kiatu kikizama na kuacha ukingo wa tope, geuza baiskeli, rudi kwenye barabara pana yenye changarawe. Siku mbili tatu za jua hutosha kubadilisha kila kitu kwenye udongo huu.

Kwa ajili ya hayo yote nawaomba viongozi wa klabu za baiskeli, hapa Nairobi na kwingineko ambako msitu wa umma umepakana na mji, waache kwanza ombi la kilomita mpya. Pelekeni kwa mhifadhi orodha ya kona zilizobomoka, na mbele ya kila kona andikeni jina la mtu wenu atakayeisimamia. Na wewe msomaji mwenye baiskeli, Jumamosi ya kwanza baada ya mvua kukatika, ukifika langoni uliza kama kuna kazi ya mikono siku hiyo. Njoo na gambuti na glavu. Majembe na debe tunayo.